Kisu Kigumu cha Mfinyanzi

Nimelala katika vyumba vya kupanga kuanzia Tunduma hadi Mtwara, na kila mji una mlio wake wa asubuhi. Kuna mji wa jogoo, mji wa honi za malori, mji wa mwenye nyumba anayegombana na ndoo. Mlio ninaoutafuta kila ninapoamka ugenini ni mdogo kuliko yote hiyo. Ni mlio wa kisu cha kukunja kikifungwa. Ta. Kimya kidogo, kisha tena, ta, kwa mkono wa pili. Hapo nilijua Mfinyanzi ameamka salama.

Jina lake sitaliandika, na hata mimi nililisikia mara chache tu, likisomwa kanisani. Sisi wapangaji wake tulimwita Mama. Watu wa ufukweni walimwita Mfinyanzi, kana kwamba hakukuwa na mwingine, ingawa karibu kila nyumba ya pale ina mwanamke anayejua udongo.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Bondeni mjini Kyela kuja ziwani kutafuta usipa mkavu, dagaa wa kule, wa kupeleka mjini. Nilimwambia nitakaa wiki mbili. Nikakaa miaka miwili, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Mwishowe akaacha kuniuliza nitakaa siku ngapi, akawa anatazama begi langu tu. Likiwa limefungwa zipu, alipika kidogo. Likiwa wazi, alipika sana. Aliniita Msafiri, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa mdogo usioua.

Kisu chenyewe mumewe alikinunua upande wa Njisi, karibu na mpaka, na alipofariki kikabaki kwake. Kilikuwa na mpini wa mti mweusi na bapa fupi. Ndani ya mpini kulikuwa na kilimi cha chuma: ukikifungua kisu, kilimi huruka na kulishika bapa lisikukunjikie vidoleni. Ukitaka kukikunja, sharti usukume kile kilimi pembeni kwa dole gumba. Kwa visu vingine hiyo ni kazi ndogo. Kwa kisu cha Mfinyanzi ilikuwa kazi ya mtu mzima aliyeshiba. Udongo laini wa ufinyanzi ulikuwa umeingia kwenye maungio yake miaka nenda miaka rudi, ukilowa, ukikauka, ukilowa tena, mpaka chuma na udongo vikawa ndugu.

Alikitumia kukata midomo ya vyungu. Chungu kikishakauka nusu, alikizungusha polepole juu ya gae, kipande cha chungu kilichovunjika, na kukata ukingo mara moja, bila kurudia, ule mkanda mwembamba wa udongo ukianguka mapajani mwake kama ganda la chungwa.

Mpangaji mmoja, mnunuzi wa kokoa kutoka Ndandalo, mtu wa mikono minene, alikiazima siku moja amenye chungwa. Kukifungua alikifungua, kwa jasho. Kukifunga kikamshinda. Akazunguka nacho uani kikiwa wazi, anajifanya ana kazi nacho, mpaka Mfinyanzi akaona aibu kwa ajili yake. Akakichukua, ta, akakirudisha kikapuni mwake.

"Kula chungwa lako, baba," alisema. "Kisu hiki hakijazoea wageni."

Bila shaka wengi tulimshauri atie mafuta. Kyela mawese hayakosekani, na tone moja tu lingetosha. Hapo ndipo niliposikia sheria yake ya kwanza: mafuta na udongo havijawahi kusalimiana. Alisema mkono wenye mafuta ukigusa udongo, pale ulipogusa hapatashikana, na moto utakuja kupaonyesha. Mtu aliyetoka kula hakuruhusiwa kukaribia vyungu vyake kabla ya kunawa kwa majivu. Yeye mwenyewe alipenda wali na samaki wa mawese kuliko mtu yeyote niliyemjua, akila hadi vidole ving'ae, kisha akaenda kujisugua majivu mpaka kwenye viwiko, kama daktari anayejiandaa kupasua mtu.

Na wali huo aliupika kwenye sufuria. Mfinyanzi hakupikia chungu. Mwanzoni nilidhani ni ule uzembe wa fundi kwa nyumba yake, nikamtupia methali ile ya mfinyanzi hulia gaeni. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia waliotunga methali hiyo hawakuwa wafinyanzi. Yeye hakuwa mtu wa kulia gaeni, gae lilikuwa kiti cha chungu chake na lilistahili heshima. Sababu ya sufuria ilikuwa nyepesi zaidi: akipika kwenye chungu chake anakisikiliza badala ya kuangalia chakula, na wali unaungua.

Alikuwa na vituko vya aina hiyo vingi. Simu yake aliiweka ndani ya mtungi mtupu ili isilowe, kwa hiyo ilipolia ilisikika kama nyuki walio mbali na hakuna aliyeipokea. Kanisani alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ajabu kwa mwanamke aliyekuwa mzee wa kanisa. Ilikuwa kwa ajili ya mawingu. Kwetu mvua haina adabu, hushuka kutoka Milima ya Livingstone bila kubisha, na siku ya kuchoma vyungu alihitaji kuona anga. Mara mbili alitoka katikati ya mahubiri, mara ya pili akiwa amebeba kitabu cha nyimbo kichwani.

Mchungaji hakumkasirikia. Aliwahi kuhubiri juu ya mfinyanzi na udongo, mahubiri mazuri, akieleza jinsi mfinyanzi anavyokanyaga gurudumu kwa mguu nalo likazunguka. Baada ya ibada Mfinyanzi alimsubiri mlangoni, akamsalimu kwa magoti kama ilivyo desturi, kisha akamwambia kuwa neno lilikuwa zuri lakini yule mfinyanzi wake alikuwa na mashine. Akaribie uani kwake siku moja aone wanaotumia gae. Mchungaji alikuja, akapewa donge la udongo, akafinyanga kitu ambacho Mfinyanzi alikisifu sana. Kilikaa dirishani kwake miaka mingi, kimepinda kama sikio.

Hili la kusifu lilinichanganya. Kwa kazi yake mwenyewe hakuwa na msamaha. Nimemwona akiponda chungu ambacho mimi ningekipeleka sokoni nikitembea kifua mbele. Lakini vyungu vya wenzake alivisifu vyote, vilivyonyooka na vilivyolegea. Siku moja nilimuuliza kama kweli havioni vimepinda. Akasema anaviona.

"Lakini mimi nina huruma, Msafiri. Ndiyo maana sijiamini."

Ili kuelewa jibu hilo ilibidi nisikie habari za mama mkwe wake. Alinisimulia mchana mmoja tukianua usipa, bila kuacha kazi. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha, na alikuwa fundi kuliko yeye. Chungu kikubwa hujengwa kwa mikanda ya udongo, mkanda juu ya mkanda, na kinachoifanya mikanda ile kuwa ukuta mmoja ni dole gumba likibonyeza kwa ndani. Likibonyeza kwa nguvu, hewa inatoka. Likiwa dhaifu, inabaki kijinafasi kisichoonekana, na chungu kitapendeza, kitachomwa, kitatumika, mpaka siku moja. Mama mkwe alipozeeka dole gumba lake likaisha nguvu. Wote uani waliliona. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu nani atamwambia mama mkwe? Walimsifu. Kwenye msiba mmoja chungu chake kikapasuka juu ya mafiga, na mchuzi uliokuwa ukichemka ukamwagika juu ya mguu wa mwanamke kijana aliyekuwa akikoroga.

Mwanamke huyo yupo hadi leo. Anakaa ng'ambo ya kijito, kwa hiyo nitamwita Mama wa Ng'ambo. Anachechemea. Nyumba yake, ya wakulima wa mpunga na kokoa, tangu siku ile haikuingiza tena chungu cha udongo. Ugomvi haukuwepo, Jumapili walisalimiana vizuri, na Mfinyanzi alijitahidi awe wa kwanza kusema "Ugonile". Ila kila nyumba nyingine ilinunua vyungu vikubwa kwake, na ile moja ilipika kwenye sufuria.

Ndipo nikaelewa ile ta, ta ya asubuhi. Hakikuwa kisu tu, kilikuwa mzani. Kila siku kabla ya kugusa udongo alikaa kizingitini, akakifungua na kukifunga kwa kila mkono, na kile kilimi kigumu kilimwambia nguvu iliyobaki katika dole gumba lake. Siku kitakapomkatalia, alisema, ataacha vyungu vikubwa.

"Watu watanionea huruma kama tulivyomwonea mama mkwe," alisema. "Kisu hakina huruma."

Nilicheka. Nilidhani ni moja ya misemo yake, kama ule wa mafuta na udongo. Alikuwa na nguvu wakati huo, na mimi nilikuwa kijana niliyedhani watu hukaa kama ulivyowaacha.

Miaka ikaenda. Nilifanya kazi Songea, nikafanya Dodoma, nikasindikiza magunia ya mchele huku na huko. Sijui kukaa. Kila niliporudi nilimkuta mahali pale pale, mdogo kidogo kuliko nilivyomwacha, na ule mlio wa asubuhi ulikuwa umeanza kuchelewa. Kati ya ta ya kwanza na ya pili ungeweza kunawa uso.

Kisha, mwaka juzi, nilifika na kukuta jambo kubwa limetokea. Mama wa Ng'ambo alikuwa amevuka kijito, akakaa uani, akanywa maji, akasema binti yake wa mwisho anaolewa na angependa vyungu vitatu vikubwa vya kupikia nyama ya harusi. Vya udongo. Vya Mfinyanzi. Baada ya miaka yote ile. Mfinyanzi alinisimulia mara tatu jioni hiyo, kila mara akiongeza jinsi mgeni alivyokiweka kikombe chini.

Lakini hakuwa amekubali. Alikuwa amemwambia ampe siku chache.

Asubuhi nilijua kwa nini. Nilimtazama kutoka dirishani. Alikifungua kisu kwa kukibana magotini. Akaweka dole gumba kwenye kilimi, akasukuma. Akabadilisha mkono. Akaweka madole gumba yote mawili, mishipa ya shingo ikamtoka, na kisu kikabaki wazi. Akakaa nacho hivyo kwa muda, akilitazama ziwa. Hakulia, hakuwa mtu wa hivyo. Alikishika tu kama mtu aliyeshika barua iliyokwisha kusomwa.

Moyo uliniuma. Nilifikiri: ameisubiri nyumba ile miaka thelathini, na kipande cha chuma kilichojaa matope kimzuie?

Alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama, nilikichukua. Sikutia mafuta, na nilijiona mwerevu kwa hilo. Nilichemsha maji, nikakiloweka, nikachokoa udongo wa maungioni kwa sindano mpaka maji yakawa mekundu. Nikakisugua kilimi kwa msasa, kisha kwa plaizi nikakipinda kidogo kirudi nyuma kisibane sana. Nikakianika. Kikawa kinafunguka na kufungwa kama kisu cha dukani. Nikakirudisha pale pale kwenye kikapu chake.

Asubuhi nikasikia: ta. Na papo hapo: ta.

"Leo mkono umeamka," alisema, na uso wake ulikuwa wa mwanamke niliyemkuta nilipokuwa na miaka ishirini na kitu. Kabla ya chai alikuwa amevuka kijito kwenda kukubali.

Nilifurahi naye. Siwezi kusema uongo, nilifurahi kabisa. Siku iliyofuata nikafunga zipu ya begi nikaondoka, nikijisifu njia nzima.

Ilinijia Tunduma, siku chache baadaye, dukani. Nilikuwa nanunua mchele, na mshale wa mizani ya mwenye duka ulikuwa umekwama. Akaugonga kwa kiganja mpaka ukasogea, akacheka akisema leo nina bahati. Nikasimama na mfuko mkononi. Mimi pia nilikuwa nimegonga mizani. Kitu pekee kilichokuwa hakina huruma katika uwanja ule, nilikuwa nimekitia huruma yangu. Na chungu kilikuwa kinakwenda kuchemshiwa nyama katika nyumba ile ile, pengine mbele ya mwanamke yule yule.

Nilipiga simu. Ikalia ndani ya mtungi wake, naamini, kama nyuki walio mbali. Nikapiga tena na tena. Kesho yake nikarudi Kyela, nikahesabu siku za kukausha na siku za kuchoma, nikihofia kuwa nimechelewa.

Kitu cha kwanza nilichokiona uani kilikuwa nusu ya chungu kikubwa, imeegemezwa mlangoni, imekatwa wima kutoka mdomoni hadi kitakoni kama papai. Cha pili kilikuwa Mama wa Ng'ambo, ameketi juu ya mkeka, mguu wenye kovu umenyooshwa mbele, mkono umezama ndani ya chungu kibichi hadi kiwikoni. Kando yake kwenye kigoda alikaa Mfinyanzi, akizungusha gae na kufoka.

"Bonyeza, binti. Unakipapasa kama unambembeleza mtoto."

"Nina wajukuu, Mama, usiniite binti."

"Basi bonyeza kama mtu mwenye wajukuu."

Nilisalimu, nikapiga magoti pale mchangani, nikasema yote: maji ya moto, sindano, msasa, plaizi. Nilisema mbele ya wote wawili, kwa sababu mguu ule pia ulistahili kusikia.

Mfinyanzi hakuacha kuzungusha gae. Aliniambia alikuwa anajua. Asubuhi ya kwanza alifurahi. Ya pili alifurahi. Ya tatu alijiuliza tangu lini uzee ukarudi nyuma, akakitazama kisu maungioni, akaona kumesafishwa kuliko masikio ya mchumba. Wakati huo chungu cha kwanza kilikuwa kimesimama, kizuri, kimekauka nusu, kinangoja kukatwa mdomo. Akakikata, ila hakuishia mdomoni. Akashuka na kisu hadi chini, akakigawa chungu.

Akanionyesha kwa kidole. Kwenye ukuta uliokatwa, kati ya mkanda wa tatu na wa nne, kulikuwa na mwanya mwembamba, mrefu kama punje ya mpunga.

"Ulikilegeza kilimi," alisema. "Makali hukuyagusa. Ndaga."

Sikujua kama ile ndaga ilikuwa asante au kofi. Nadhani ilikuwa vyote viwili.

Yaliyobaki alinieleza Mama wa Ng'ambo, mkono ukiwa bado ndani. Mfinyanzi alivuka kijito amebeba nusu ile nyingine ya chungu kichwani, akaitua miguuni pake, akamwonyesha mwanya. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema macho yake bado yanajua chungu, na masikio yake, lakini dole gumba limekwisha. Kama bado wanataka vyungu vyake, wampe la kwao. Mama wa Ng'ambo alisema aliutazama mwanya ule kwa muda mrefu sana. Miaka yote alikuwa akiufikiria mchuzi, moto, mafiga. Hakuwa amewahi kuiona sababu yenyewe, na ilikuwa ndogo hivyo. Kisha akaenda kunawa kwa majivu.

Chungu walichokuwa wakijenga kilikuwa cha pili. Kilikuwa kimenenepa upande mmoja, na Mfinyanzi hakukisifu hata kidogo. Hapo nikajua kuwa kitakuwa salama.

Mimi nilipewa adhabu yangu. Alinitupia kisu, akaniambia nikirudishe kilivyokuwa, kwa sababu nimemwacha fundi mpya bila mzani wa kumpimia. Nilitafuta plaizi. Nikakipinda kilimi mbele kidogo kidogo, nikijaribu, nikipinda tena. Kisha Mfinyanzi mwenyewe akachukua udongo laini kwenye ncha ya kidole, akaupaka kwenye maungio, taratibu, kama mama anayempaka mtoto dawa ya kidonda, na kukiweka juani. Tukala wali. Wote watatu tukanawa kwa majivu.

Kisu kilipokauka alikijaribu wa kwanza. Alikifungua kwa kukibana magotini. Akasukuma kilimi kwa mkono wa kulia, hakikutikisika. Akasukuma kwa wa kushoto. Akatumia yote miwili, akahema, akakiacha. Nilikuwa nimejiandaa kutazama pembeni, lakini alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyerudishiwa kitu chake kikiwa kizima.

"Sasa ni chenyewe," alisema, na akakisogeza juu ya mkeka kuelekea kwenye mguu wenye kovu.

Mama wa Ng'ambo alijifuta mikono kwenye khanga. Akakishika, akaweka dole gumba, akauma mdomo.

Ta.

"Na mkono wa pili," alisema Mfinyanzi.